Fundi aliyepunguza picha ili binti yake aione

Saa moja asubuhi, mjini Kemijärvi, kaskazini mwa Ufini, na giza bado halijaondoka. Jarkko Niskala anasukuma kigari cha changarawe katika uwanja wa majengo matatu ya ghorofa yaliyo karibu na reli, taa ya kichwani ikimulika mvuke wa pumzi yake. Changarawe ya kuzuia watu wasiteleze inaanguka juu ya barafu kwa mlio mkavu. Mbele ya mlango B anasimama, anavua glavu moja, anapiga magoti na kufuta theluji iliyofunika taa ndogo iliyochomekwa ardhini. Anasogea, anafuta nyingine. Anaendelea hivyo mpaka mahali inaposimama teksi ya shule.

Taa hizo hazimo katika kazi aliyoajiriwa kuifanya. Jarkko, mwenye umri wa miaka arobaini na minane, ni mtunza majengo: huondoa theluji, hurekebisha mabomba ya joto, hubadilisha kufuli. Taa za njiani amezitengeneza mwenyewe juu ya meza ya jikoni, kwa ajili ya mtu mmoja.

Mtu huyo anatoka sasa. Hilla, binti yake wa pekee, ana miaka kumi na minne. Kofia ya sufu ameivuta hadi kwenye nyusi, na fimbo nyeupe ameibana kwapani ikiwa imekunjwa.

"Ifungue fimbo, mwanangu."

"Si umewasha taa?"

"Barafu haijali taa. Ifungue."

"Umeanza, baba. Hata kahawa hujanywa, umeshaanza."

Fimbo inafunguka. Binti anaipeleka kushoto na kulia, anaifuata njia ya taa hadi mwisho. Baba hamfuati. Anasimama wima, mikono yote miwili juu ya kigari, mpaka mlango wa teksi unapofungwa.

"Amenikataza kumfuata," anasema kwa sauti ya chini. "Anadai anavisikia viatu vyangu vikiwa na wasiwasi."

Hilla anapoteza uwezo wa kuona. Maradhi aliyozaliwa nayo yanakula utando wa nyuma ya macho, kuanzia pembeni kuelekea katikati. Kwanza yalimwondolea uwezo wa kuona gizani. Na katika mji huu, ambako jua la Desemba halipandi juu ya miti, huko ni kunyang'anywa majira mazima ya baridi. Sasa anaona kama mtu anayechungulia kupitia tundu la bomba.

Madaktari wamewaeleza wazazi wake kwamba tundu hilo litaendelea kufinyika. Hawakutaja ni lini litaziba kabisa. Walishauri tu kwamba mambo wanayotaka mtoto ayaone, wasiyaahirishe.

Kwa Jarkko, jambo hilo ni moja. Anataka binti yake arudi kukaa naye mbele ya filamu siku ya Jumamosi, wakati katikati ya macho bado kuna kitu. Tangu Oktoba, Hilla hajashuka.

Kushuka, kwa familia hii, ni kwenda handakini. Chini ya jengo lao kuna handaki la kujikinga na mabomu, lenye kuta nene za zege na mlango wa chuma, ambamo wakazi huhifadhi baiskeli na skii, mbao za kutelezea thelujini. Hilla alipokuwa mtoto wa chekechea, Jarkko aliwaomba wakazi wenzake nusu ya chumba hicho, akaahidi kwamba vitu vyake vitaondolewa mara moja ikitokea haja, kisha akakigeuza kuwa ukumbi wa filamu wenye viti vitano katika safu mbili. Viti vyenyewe alivipata ukumbi wa sinema wa mjini ulipokarabatiwa. Mama yake mzazi alikuwa muuza tiketi wa ukumbi huo.

"Mimi nimekulia safu ya nyuma," anasimulia. "Mama alikuwa akifagia wakati majina ya waliotengeneza filamu yanapita. Nikitaka kutoka ananirudisha kitini. Ananiambia, 'Huyo naye aliamka asubuhi akaenda kazini. Msome.' Basi ninasoma. Fundi wa taa, dereva, mpishi, wote. Hatoki mtu mpaka jina la mwisho."

Sheria hiyo aliihamishia handakini. Kila Jumamosi jioni, zamu ya familia katika sauna, chumba cha mvuke cha jengo, ikiisha, watatu hao walishuka na nywele mbichi, wakiwa na soseji za moto ndani ya karatasi, wakatazama filamu hadi jina la mwisho. Nyingi zilikuwa za kigeni. Filamu za kigeni hapa hazitiwi sauti ya Kifini. Watu husoma maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha. Hilla alijifunza kusoma humo.

"Mtoto alijua kusoma 'bastola' na 'talaka' kabla hajajua kusoma 'paka'," anasema mama yake, Outi, ambaye anafanya kazi ya zamu katika nyumba ya kutunzia wazee. "Mwalimu wa darasa la kwanza alinipigia simu kuuliza kama nyumbani kuna amani."

Kicheko chake kinaisha mapema. Kilichofuata anakisimulia akiwa amegeukia dirisha.

Hilla alipofika miaka tisa, alianza kujikwaa handakini. Alipiga teke bakuli, akamwaga sharubati, akakanyaga miguu ya watu. Jarkko alilitazama jambo hilo kama anavyotazama kila jambo, kwa jicho la fundi. Aliona chumba kina kasoro. Alibandika taa za utepe sakafuni. Alipaka rangi nyeupe kingo za ngazi. Mtoto alipouliza kwa nini maneno yanakimbia kabla hajayamaliza, baba aliifungua projekta, akasafisha lenzi na kubadilisha nyaya.

Mwishowe alinunua kitambaa kipya cha kuonyeshea, kinachoziba ukuta kutoka kona hadi kona. Mshahara wake wa mwezi baada ya kodi haufiki euro elfu mbili na mia mbili, hivyo alitumia malipo ya likizo, na kiangazi hicho familia haikwenda popote.

"Nilidhani maandishi ni madogo," anasema Jarkko. "Nikayakuza. Akilalamika tena, nikayakuza tena."

Kila alipoyakuza, Hilla aliona kidogo zaidi. Mtu anayetazama kupitia tundu, ukimwekea uso wenye upana wa ukuta, atakachoona ni kidevu. Mtoto huyo alitazama videvu kwa miaka miwili, naye hakusema.

"Baba alikuwa ameupenda mno ule ukuta wake," anaeleza Hilla huku akimenya chungwa mezani. Vidole vyake ndivyo vinavyotazama. "Ningemwambiaje? Nilikuwa nasikiliza muziki. Mama akicheka, na mimi nacheka."

Aliyegundua ni muuguzi wa shule. Daktari wa macho aliwaeleza wazazi kwamba hata wangewahi, maradhi yangeendelea vilevile, kwa kuwa aina hii haina tiba.

"Alisema hivyo ili niweze kuendesha gari mpaka nyumbani," anasema Jarkko.

Outi hakubaliani naye, na haoni sababu ya kuficha. "Daktari alisema kweli. Tatizo ni huyu mwanamume. Ukimwambia kitu hakitengenezeki, umemtukana. Kibaniko cha mkate kiliungua tukiwa wachumba. Kiko ghalani hadi leo, kinangoja ufufuo."

Basi Jarkko akatengeneza. Kabati likafungwa kifaa cha kutaja vilivyomo kila linapofunguliwa. Zulia la mlangoni likawa linalia likikanyagwa. Mlango wa bafuni ukawa unasalimu. Hilla alivumilia juma moja, kisha akazunguka nyumba nzima akitoa betri moja baada ya nyingine.

"Nikienda chooni, nyumba inatangaza," anasema. "Kilichobaki kilikuwa tarumbeta tu."

Mwezi wa Oktoba, Jarkko alimaliza kifaa alichokiona bora kuliko vyote: kisanduku chenye kamera kinachotazama picha, kinachotambua maandishi na kuyasoma kwa sauti ya mashine. Hilla alikubali kukijaribu. Alimkaribisha rafiki yake wa darasani, Vilja, na hilo lilimfurahisha baba kupita kiasi.

Kisanduku kilisoma maandishi ya tafsiri. Kikasoma pia bango la duka la viatu, nambari ya gari lililopita na onyo la kutovuta sigara lililokuwa ukutani nyuma ya mwanamke aliyekuwa akiagana na mumewe mgonjwa kitandani. Vilja alijizuia kucheka mara ya kwanza. Kisanduku kilipotangaza bei ya jibini katikati ya kilio, hakuweza tena.

Jarkko alikuwa ameinama juu ya nyaya. "Ngojeni, ngojeni. Narekebisha."

"Zima," alisema Hilla.

"Dakika moja tu, mwanangu, kuna kitu kidogo hapa..."

"Zima, baba! Mimi si mashine iliyoharibika."

Aliinuka na kuelekea mlangoni. Ili waya wa kisanduku upite, Jarkko alikuwa ameuacha mlango wa chuma nusu wazi. Mlango uliofungwa, Hilla huugusa kwa kiganja. Ulio wazi kabisa, hupita. Ulio nusu wazi humwelekezea ukingo usoni, mwembamba, usioonekana kwa anayetazama kupitia tundu.

Alijigonga hapo, akashonwa juu ya unyusi wa kushoto. Kovu hilo ndilo analolificha kwa kofia.

"Nilimbeba kupanda ngazi," anasema Jarkko. "Damu ikawa inadondoka kwenye kingo. Zile kingo nyeupe nilizozipaka ili..." Anachukua bisibisi iliyo mezani, anaigeuza, anairudisha ilipokuwa.

Juma lililofuata alikuja Sirkku, mwelekezi wa watu wasioona, mama mfupi mwenye sauti ya kocha. Alizunguka nyumba, akashuka handakini, akamsikiliza Jarkko akieleza mipango mipya ya vifaa. Kisha akampa amri tatu, ambazo Outi anazirudia kwa kuhesabu vidole: mlango ufungwe wote au ufunguliwe wote hadi ukutani, kitu kikae kilipokaa jana, na baba asiongeze chochote.

"Chochote?" aliuliza Jarkko.

"Chochote, fundi," alijibu Sirkku. "Kaa hapo kwenye kiti cha binti yako."

Alimvisha miwani iliyozibwa kwa karatasi nyeusi, yenye tundu dogo katikati ya kila kioo, akawasha filamu. Jarkko alitazama ukuta alioununua kwa likizo ya familia. Aliona pua. Alizungusha kichwa kutafuta macho ya mtu huyo, na alipoyapata, mdomo ulikuwa umepotea. Aliteremsha macho kutafuta maandishi. Akakuta neno moja na nusu, kisha yakabadilika.

"Alikaa nayo mpaka filamu ikaisha," anasema Outi. "Mimi nikamwacha."

Kesho yake, Jarkko alipanda juu ya ngazi ya kazini na kuteremsha kitambaa kipana. Alikikunja, akakipeleka ghalani. Alirekebisha projekta hadi picha ikawa na ukubwa wa sinia la kuokea, katikati ya ukuta mtupu wa zege, na viti akaviacha palepale. Kwa mtu aliyeota ukumbi mkubwa tangu utotoni, ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Hakumwita mtu kuja kuona.

Mezani alisema tu, "Picha nimeipunguza. Mlango uko wazi hadi ukutani."

"Sawa," alijibu Hilla, akaendelea kula.

Jumamosi ile hakushuka. Wala iliyofuata. Jarkko alikaa peke yake mbele ya sinia lile, huku baridi ya ngazini ikiingia kupitia mlango ambao hakuthubutu kuusukuma.

Alichofanya baadaye hakihitaji betri. Ghorofa ya chini anaishi bibi Kerttu Saukkoriipi, mshonaji mstaafu ambaye macho yake pia yamechoka. Baada ya kazi, Jarkko humsomea gazeti kwa sauti, naye bibi hufuma soksi na kumsahihisha. Kahawa ipo, na mkate mtamu wa iliki upo, lakini huruma haipo.

"Simama hapo!" anakatiza bibi Kerttu alasiri hii, kabla habari ya ukurasa wa kwanza haijaisha. "Huyo mtu ameunguliwa na nyumba. Mbona unamsoma kama unahesabu magunia?"

"Ndivyo ninavyoongea, bibi."

"Ndivyo unavyoongea na mabomba. Rudia. Na upumue, kijana. Hakuna anayekufukuza."

Jarkko anarudia. Anasoma polepole, kidole kikiwa chini ya mstari kama cha mwanafunzi wa miaka saba. Amevaa ovaroli yenye nembo ya kazini, na jasho limemtoka kwenye paji la uso.

"Afadhali," anasema bibi. "Sasa ni kama unahesabu magunia yako mwenyewe."

Nyumbani mazoezi haya ni siri, anadai Jarkko. Lakini sauti katika jengo hili hupita ndani ya mabomba, na Hilla ana masikio.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni, sauna imekwisha. Jarkko amewasha projekta na kukaa kwenye kiti chake cha pembeni. Outi yuko safu ya nyuma, taulo likiwa kichwani. Ngazini inasikika fimbo: inagusa ukingo, inashuka, inagusa ukingo. Jarkko anashika sehemu ya kuegemeza mkono. Hainuki.

Fimbo inafika mlangoni, inaligusa bamba la mlango lililobanwa ukutani, inatulia. Kisha Hilla anapita na kukaa mahali pake. Amevua kofia, na kovu lake linaonekana.

"Nani anasoma?" anauliza.

"Mimi."

"Mungu wangu."

Filamu ni ya Kireno, inahusu mwanamke anayeendesha lori la maziwa milimani. Uso wake unajitokeza katikati ya ukuta, mdogo, mzima. Hilla anasogeza kichwa mbele, anakirudisha, anakituliza.

"Kumbe ana masikio," anasema.

Nyuma yake, Outi anacheka, halafu anajifunika uso kwa taulo.

Jarkko anaanza kusoma. Sauti yake ni nzito, na mwanzoni inajikwaa. Mwanamke wa lori anagombana na bosi. Jarkko anamsoma bosi kwa upole uleule anaomsomea mwanamke.

"Baba, huyo si anatukana?"

"Anatukana."

"Basi tukana."

Baba anatukana. Handaki linaitikia kwa mwangwi, na hata Outi anashtuka. Wanaendelea. Lori linapanda, theluji inaanguka huko milimani kama inavyoanguka hapa nje, na mwanamke anagundua kwamba breki hazishiki. Hapo ndipo Hilla anaposema, bila kugeuka, "Sasa nafumba macho. Wewe endelea."

"Kwa nini ufumbe? Si unaona?"

"Nataka kujua itakuwaje. Nikiwa na wewe hapa."

Mwanga wa sinia lile unamulika nusu ya uso wa Jarkko. Maandishi mawili yanapita bila kusomwa.

"Soma, baba."

Anasoma. Anataja pia yasiyoandikwa: kona, ukungu, mikono ya mwanamke juu ya usukani. Katikati ya sentensi sauti inamkatikia.

"Usilie katikati ya sentensi," anasema Hilla, macho yamefumbwa. "Haieleweki."

Alipoulizwa mchana huo anatarajia nini kutokana na haya yote, Jarkko hakutaja tiba wala kifaa. Alikuwa akifuta projekta kwa kitambaa laini, na alijibu bila kuinua kichwa. "Lile tundu litaziba. Hilo nimelielewa, ingawa nimechelewa. Ninachotaka ni kwamba siku hiyo awe ameshaizoea sauti yangu, kiasi kwamba jioni ile iwe Jumamosi tu. Sauna, soseji, filamu. Isiwe siku ya msiba." Alikusudia kuendelea kumsomea bibi Kerttu hadi kiangazi, na baada ya hapo, kama ukumbi wa mjini utakubali, kukaa safu ya nyuma na kumsomea Hilla sikioni.

Lori limesimama. Muziki unaanza, na majina yanapanda ukutani, madogo kama sisimizi. Kwa mazoea ya miezi ya upweke, mkono wa Jarkko unakwenda kwenye swichi.

"Na majina je?" anauliza Hilla.

Mkono unarudi. Jarkko anapumua kama alivyofundishwa, kisha anasoma. Anamsoma Belmira Quintas, fundi wa taa. Anamsoma Adérito Lousada, aliyeendesha lori. Anawasoma washonaji, maseremala, mtu aliyetunza mbwa, mtu aliyeleta theluji ya bandia. Majina ya Kireno yanamtesa ulimi, naye hayaachi, mpaka muziki unapoisha na ukuta unabaki zege tupu.

"Umemruka mpishi," anasema Hilla.

Jarkko anageuka. Macho ya binti yake yako wazi, yameelekezwa pale ambapo picha ilikuwa.

Hamuulizi ameyafumbua tangu lini. Anairudisha filamu nyuma kidogo, anamtafuta mpishi, na anamsoma.